Moshi huua kabla ya moto: Kwa nini nyaya za feni za uokoaji zina kanuni zake

Jengo refu linaposhika moto, uhai wa walio katika ghorofa za juu waweza kutegemea kitu ambacho hawajawahi kukiona: waya uliofichwa juu ya dari, unaopeleka umeme kwenye feni ya kudhibiti moshi. Makala hii inaeleza kanuni zinazoulinda waya huo, zilikotokana, na kwa nini zinaihusu pia miji ya Afrika Mashariki inayozidi kukua kwenda juu.

Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1980, muda mfupi baada ya saa moja, moto uligunduliwa katika mgahawa mmoja wa hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Marekani. Wachunguzi walibaini baadaye kwamba chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme. Nyaya zilizolisha mtambo wa kupoozea vyakula zilikuwa zimepoteza ganda lake ndani ya ukuta, na umeme ukavuja hadi ukawasha vitu vilivyokuwa jirani.

Sehemu hiyo haikuwa na vinyunyizio vya maji. Moto ukaenea haraka katika ukumbi wa kasino, lakini miali yake haikupanda hadi katika vyumba vya wageni. Hata hivyo, watu 85 walifariki dunia, na wengi wao walikutwa katika ghorofa za juu za jengo hilo lenye ghorofa 26, mbali kabisa na moto wenyewe. Kilichowaua ni moshi na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi.

Moshi huo ulipanda kwa njia za ngazi, shimo la lifti na nafasi zilizoachwa baina ya sehemu za jengo. Mitambo ya kupooza hewa nayo iliendelea kufanya kazi na kuusambaza, huku baadhi ya vilango vya chuma vilivyopaswa kuziba njia za hewa vikishindwa kujifunga.

Mkasa huo ulionesha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, waya uliofungwa vibaya waweza kuanzisha maafa. La pili, feni na vilango vya hewa, visipoongozwa ipasavyo wakati wa moto, hugeuka kuwa washirika wa moshi. Kanuni za leo za umeme wa mifumo ya kudhibiti moshi zinasimama juu ya mafunzo ya aina hiyo.

Mfumo wa kudhibiti moshi hufanya nini?

Kazi yake si kuuzima moto. Kazi yake ni kuuzuia moshi usiingie katika njia ambazo watu watazitumia kutoka, na kuwapa askari wa zimamoto nafasi ya kuona na kupumua wanapoingia.

Ziko njia mbili kuu za kuitimiza kazi hiyo. Ya kwanza ni kuuvuta moshi na kuutoa nje kwa feni kubwa, kama inavyofanyika katika maduka makubwa, maegesho ya magari ya chini ya ardhi na kumbi zenye dari refu. Ya pili ni kusukuma hewa safi ndani ya ngazi ili msukumo wake uwe mkubwa kidogo kuliko ule wa korido. Mlango ukifunguliwa, hewa hutoka kwenye ngazi kuelekea koridoni, na moshi hauwezi kuogelea dhidi ya mkondo huo.

Kipimo chake ni chembamba mno. Kanuni ya Kimataifa ya Majengo, ambayo licha ya jina lake hutumika zaidi Marekani, inataka tofauti ya msukumo kati ya ngazi na jengo isipungue paskali 25 na isizidi paskali 87, milango ikiwa imefungwa. Paskali 25 ni sawa na uzito wa tabaka la maji lenye kimo cha milimita mbili na nusu tu.

Kwa nini basi kuwe na kikomo cha juu? Kwa sababu mlango wa ngazi ya dharura hufunguka kwa kusukumwa kuelekea kwenye ngazi, na hewa iliyoshindiliwa humo huusukuma urudi. Mlango wenye eneo la mita mbili za mraba, ukikabiliwa na paskali 87, hubanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 18. Feni ikizidisha kasi, mtoto au mzee hataweza kuufungua. Atanaswa nyuma ya mlango uliowekwa kumwokoa.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Feni hiyo haina budi kuwaka kwa wakati wake, kwenda kwa kasi iliyopangwa, na kuendelea kufanya kazi huku jengo lenyewe likiungua. Kila kitu kinachoilisha umeme na kuipa amri kinapaswa kustahimili hali hiyohiyo.

Kanuni iliyogeuzwa

Fundi yeyote wa umeme hufundishwa tangu mwanzo kwamba hitilafu ikitokea, umeme ukatwe mara moja. Sakiti breka na fyuzi zipo kwa kazi hiyo. Mota ikizidiwa na mzigo, breka hukata ili mota isiungue wala nyaya zisipate moto.

Katika mfumo wa kudhibiti moshi, fikra hiyo hugeuzwa. Mota ya feni ikianza kuzidiwa wakati watu mia mbili wangali wanashuka ngazi, ni heri iungue baada ya saa moja ya kazi kuliko izimwe salama katika dakika ya tano. Mota hununuliwa tena.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya umeme, vile vya IEC 60364 katika sehemu inayohusu huduma za usalama, vinaruhusu kuondolewa kwa kinga dhidi ya mzigo uliozidi pale ambapo kukatika kwa umeme kutaleta hatari kubwa zaidi. Ruhusa hiyo ina sharti lake: hali ya kuzidiwa lazima ifuatiliwe na itolewe taarifa. Kinga dhidi ya shoti hubaki, lakini hupangwa ili hitilafu katika saketi moja isizime nyingine.

Kutokana na fikra hiyo hufuata kanuni ya utengano. Saketi ya feni ya moshi haipaswi kuchangia njia na taa za ofisi, viyoyozi au soketi za jikoni. Huchukua umeme wake karibu na lango la kuingilia jengo, ili askari wa zimamoto anapozima umeme wa kawaida kwa usalama wake, feni iendelee kuzunguka. Swichi zake huandikwa wazi, na hufungiwa mahali ambapo mtu asiyehusika hawezi kuzizima kwa bahati mbaya.

Sekunde 60 za kusubiri

Moto na kukatika kwa umeme ni ndugu wa karibu. Moto waweza kuunguza chumba cha transfoma, au shirika la umeme laweza kukata laini ya mtaa mzima. Kwa hiyo kanuni hazikubali chanzo kimoja.

Nchini Marekani, Kanuni ya Taifa ya Umeme, inayojulikana kwa namba NFPA 70, ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1897 na hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu. Inataja mitambo ya kuondoa moshi kuwa mfano wa mizigo inayohitaji umeme wa akiba unaolazimishwa na sheria. Umeme wa kawaida ukikatika, ule wa akiba unapaswa kupatikana ndani ya sekunde 60. Kwa taa za dharura na mizigo mingine ambayo uhai unaitegemea papo hapo, muda huo ni sekunde 10 tu.

Ikiwa chanzo hicho ni jenereta, mafuta yaliyomo katika eneo la jengo yanapaswa kutosha kuiendesha kwa mzigo wake wote kwa muda usiopungua saa mbili. Kumwagiza dereva akalete dizeli hakuhesabiwi kuwa mpango.

Swichi inayohamisha mzigo kutoka umeme wa kawaida hadi wa jenereta nayo ina masharti yake. Kanuni ya Majengo inataka mitambo hiyo ya akiba iwe katika chumba chake, mbali na transfoma na mbao za umeme wa kawaida, chini ya ulinzi wa kuta zinazohimili moto kwa saa moja au zaidi, na chumba hicho kipate hewa moja kwa moja kutoka nje. Sababu yake haihitaji mhandisi kuieleza. Vyanzo viwili vikikaa chumba kimoja, moto mmoja utavizima vyote.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana Kenya tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, jenereta mojawapo iliyotegemewa ilishindwa kuwaka, na sehemu ya majengo ya abiria ikabaki gizani. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani. Siku hiyo hapakuwa na moto. Lakini tukio hilo linakumbusha kwamba kuwa na jenereta ni jambo moja, na jenereta kuwaka inapohitajika ni jambo jingine.

Waya ndani ya tanuri

Tuseme jenereta imewaka. Umeme wake sasa unapaswa kusafiri kutoka ghorofa ya chini hadi feni iliyo juu ya paa, na huenda ukapita katika ghorofa inayoungua.

Waya wa kawaida wa majumbani huvikwa ganda la plastiki aina ya PVC, lililokadiriwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Katika kipimo cha kimataifa cha kujaribia vifaa vya ujenzi kwa moto, joto la tanuri hufika nyuzi 576 baada ya dakika tano tu, nyuzi 842 baada ya nusu saa, na nyuzi 945 baada ya saa moja. Shaba yenyewe huyeyuka katika nyuzi 1,085, kwa hiyo kiini cha waya huweza kubaki. Ganda ndilo linaloondoka. Shaba mbili zikigusana, shoti hutokea, breka hukata, na feni husimama.

Kebo zinazohimili moto hujengwa kwa namna nyingine. Aina moja huzungushiwa mkanda wa ulanga, yale madini yanayong'aa na kubanduka kama karatasi nyembamba, chini ya ganda la nje. Ganda hilo likiteketea, ulanga hubaki ukizitenganisha shaba. Aina nyingine ni bomba jembamba la shaba ambalo ndani yake nyaya zimeshindiliwa unga wa oksidi ya magnesi, ambao hauungui hata kidogo.

Kebo hizo hupimwa maabara kwa kuchomwa huku umeme ukipita, huku zikigongwagongwa na, katika baadhi ya majaribio, kumwagiwa maji. Moto wa kweli huja na vifusi vinavyoanguka na mipira ya zimamoto inayomwaga maji kila upande. Kiwango cha Uingereza cha BS 8519 kinazigawa huduma za usalama katika madaraja matatu kulingana na muda ambao nyaya zake zinapaswa kudumu: dakika 30, 60 au 120.

Marekani inatoa njia tatu za kuzilinda nyaya zinazolisha mitambo ya hewa ya ngazi za dharura. Ama itumike kebo iliyothibitishwa kuhimili moto kwa saa mbili, ama nyaya zifungiwe ndani ya kuta za kiwango hicho, ama zizikwe katika zege lenye unene usiopungua milimita 51.

Lipo jambo moja zaidi ambalo huwaponyoka hata wahandisi wazoefu. Shaba ikipata joto, hupunguza uwezo wake wa kupitisha umeme. Katika nyuzi 842, ukinzani wake huwa takriban mara nne ya ule wa hali ya kawaida. Kebo ndefu iliyochaguliwa kwa hesabu za siku ya kawaida yaweza kubaki nzima katika moto na bado ifikishe umeme hafifu, usiotosha kuiamsha mota. Kwa hiyo unene wa kebo ya feni ya moshi hukokotolewa kwa kuzingatia kwamba sehemu yake itakuwa motoni.

Vibanio vilivyogharimu maisha

Kebo bora kabisa haina thamani ikiwa imeshikiliwa na kibanio cha plastiki. Somo hili Uingereza ililipata kwa machungu.

Mwezi Februari 2005, moto ulizuka katika jengo la makazi la Harrow Court, mjini Stevenage. Askari wawili wa zimamoto na mkazi mmoja walifariki dunia. Mwezi Aprili 2010, askari wengine wawili walipoteza maisha katika jengo la Shirley Towers, mjini Southampton. Katika mikasa yote miwili, nyaya zilizoshikiliwa kwa plastiki zilianguka baada ya plastiki hiyo kulainika kwa joto. Zikaning'inia kama nyavu katika njia ya askari waliokuwa wakitambaa ndani ya moshi mzito, na kuwanasa.

Baada ya uchunguzi wa kisheria wa vifo vya Southampton, ilipendekezwa kanuni za nyaya zibadilishwe. Mwaka 2015, kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, zilianza kutaka nyaya zilizo katika njia za kutokea zishikiliwe kwa namna ambayo hazitaanguka mapema wakati wa moto. Mwaka 2018 sharti hilo lilipanuliwa likahusu jengo zima. Kwa vitendo, maana yake ni vibanio vya chuma. Tofauti ya bei kati ya kibanio cha chuma na cha plastiki ni ndogo sana.

Kwa nyaya za kudhibiti moshi, sharti hilo lina uzito maradufu. Kibanio, sahani ya kubebea kebo, kisanduku cha kuungia nyaya na skrubu iliyozama ukutani, vyote vinapaswa kudumu kwa muda uleule unaotakiwa kwa kebo.

Amri, taa na ukweli

Umeme wa nguvu pekee hautoshi. Feni inahitaji amri ya kuwaka, na vilango vya hewa vinahitaji kuambiwa kipi kifunguke na kipi kifungwe. Amri hizo husafiri katika nyaya nyembamba zaidi, ambazo huharibika kwa urahisi zaidi.

Kanuni ya Majengo ya Marekani inaagiza kwamba nyaya zote za mfumo huu, ziwe za umeme mkubwa au mdogo, ziwe ndani ya mabomba yasiyokatika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vifaa vyenye kumbukumbu ya kielektroniki inayoweza kufutika umeme ukipotea vinapaswa kuwa na chanzo cha kuziba pengo, kama vile betri, kinachoweza kustahimili dakika 15 bila umeme mkuu.

Kisha ipo paneli ya zimamoto, kwa kawaida karibu na mahali askari wanapoingilia. Amri inayotolewa hapo huzishinda amri nyingine zote, ziwe za kompyuta ya jengo au za kitambua moshi. Taa zake zina lugha moja: nyeupe ni hali ya kawaida, kijani ni kifaa kinachofanya kazi au kilichofunguka, nyekundu ni kilichozimwa au kufungwa, na njano ni hitilafu.

Ni lazima taa hizo ziseme ukweli. Mfumo haupaswi kuripoti tu kwamba amri imetumwa. Unapaswa kuthibitisha kwamba kifaa kimeitikia, na kwamba umeme upo hata baada ya swichi ya mwisho iliyo kando ya mota. Sharti hilo lina sababu ya kawaida mno. Fundi hupanda juu ya paa kutia grisi, huzima swichi kwa usalama wake, humaliza kazi, kisha hushuka na kusahau kuiwasha. Bila uthibitisho huo, paneli iliyo chini itaendelea kuonesha hali njema kwa miezi, hadi siku ya moto.

Kwa sababu hiyo, mitambo iliyowekwa mahsusi kwa kudhibiti moshi hutakiwa kujipima yenyewe kila wiki kwa ratiba iliyopangwa, na kutoa ripoti kwa sauti, kwa taa na kwa maandishi pale inapokuta kasoro. Feni ya kupooza ofisi hutumika kila siku, na ikiharibika watu hulalamika kabla ya jua kuchwa. Feni ya moshi hulala miaka mingi, na hakuna atakayelalamika.

Mfumo ukizidiwa

Kanuni hizi si hirizi. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, watu 72 walipoteza maisha kufuatia moto katika jengo la Grenfell Tower jijini London. Jengo hilo lenye ghorofa 24 lilikuwa na mfumo wa kuondoa moshi katika korido za kila ghorofa, lakini ulibuniwa kuihudumia ghorofa moja tu kwa wakati mmoja. Moto ulipopanda nje ya jengo kupitia mabamba yake yaliyokuwa yakiungua, na kuingia katika ghorofa nyingi kwa pamoja, hali ilikuwa imevuka kile ambacho mfumo huo ulitarajiwa kukifanya.

Funzo ni kwamba kudhibiti moshi ni kiungo kimoja cha mnyororo. Vinyunyizio, milango inayohimili moto, kuta zisizoungua na njia za kutosha za kutokea ni viungo vingine. Lakini kiungo hiki kikikatika kwa sababu ya waya wa bei rahisi, vilivyobaki hubeba mzigo usio wao.

Je, Afrika Mashariki inahusika vipi?

Nairobi na Dar es Salaam sasa zina majengo yenye zaidi ya ghorofa 30, na minara ya makazi inaendelea kuongezeka hata katika mitaa ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa ya nyumba za chini. Katika majengo hayo, ngazi hupita katikati ya jengo bila madirisha, lifti ni nyingi, na maegesho ya magari yako chini ya ardhi. Hapo moshi haujitoi wenyewe. Hutolewa kwa umeme.

Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa umeme wa Uingereza, kuanzia plagi za pini tatu bapa hadi misingi ya ufundi. Kwa hiyo viwango vya Uingereza na vya kimataifa vilivyotajwa hapa si vigeni kwa wahandisi wa kanda hii. Nchini Tanzania, Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo jukumu la kukagua majengo, na wakandarasi wa umeme hupewa leseni na EWURA. Nchini Kenya, leseni za mafundi na wakandarasi wa umeme hutolewa na mamlaka ya EPRA.

Ugumu uko mahali pengine. Kasoro za nyaya hizi hazionekani. Feni mbovu hupiga kelele na lifti mbovu hukwama, lakini kebo isiyo ya kiwango hukaa kimya nyuma ya dari ya jipsamu. Zaidi ya hayo, kebo nyingi zinazohimili moto hutengenezwa kwa ganda jekundu au la rangi ya chungwa, na kebo ya kawaida yaweza kuvikwa rangi hiyohiyo. Rangi si ushahidi. Ushahidi ni maandishi ya kiwango yaliyochapwa kwenye kebo yenyewe na cheti cha maabara kinachoambatana nayo.

Muda wa kukagua nao ni mfupi. Dari ikishafungwa na rangi ikapakwa, mkaguzi atapewa mchoro na maneno. Ndiyo maana wakaguzi makini huja kabla dari haijafungwa, na kuja tena jengo linapokamilika ili kuona umeme mkuu ukizimwa kwa makusudi, jenereta ikiwaka, na feni ikizunguka.

Maswali ya kuuliza

Mkazi, mpangaji wa ofisi au mjumbe wa kamati ya wenye nyumba hahitaji kuwa mhandisi ili aulize. Je, jengo hili lina mfumo wa kudhibiti moshi, na paneli yake iko wapi? Jenereta ilijaribiwa lini mara ya mwisho ikiwa na mzigo, si kuwashwa tu kwa dakika mbili? Je, feni za ngazi zimeunganishwa na jenereta hiyo? Nyaya zake ni za kiwango gani, na zimeshikiliwa kwa chuma au kwa plastiki? Taa ya njano ikiwaka kwenye paneli, nani hupewa taarifa, na hutengeneza ndani ya muda gani?

Msimamizi wa jengo mwenye majibu atayatoa kwa kufungua daftari la ukaguzi. Asiyekuwa na majibu atakuwa ameambiwa mapema, siku isiyo na moto, wakati kasoro ingali inaweza kurekebishwa na fundi mmoja mwenye ngazi na bisibisi.